Hampton Court, Hatfield, Kew au Red House: Uende Nyumba Ipi ya Matofali Ukiwa na Siku Moja?

Mtu aliyefika London kwa siku chache, au aliyehamia Uingereza lakini hapati mapumziko ila Jumapili moja moja, na ambaye hupenda kuelewa jengo zaidi ya kulipiga picha, hutatizwa na wingi wa nyumba za kuchagua. Kusini-mashariki mwa nchi hiyo mawe mazuri ya kujengea ni haba, ilhali udongo unaofaa kufinyangwa na kuchomwa umetanda kila upande, na kwa hiyo tangu karne ya 15 wenye uwezo wa eneo hilo walijenga kwa matofali. Zilizosalia ni nyingi kuliko awezavyo mtu kuziona kwa ziara moja. Makala haya yanalinganisha nne ambazo mtu anaweza kuzifikia kutoka katikati ya London na kurudi siku hiyo hiyo: jumba la kifalme la Hampton Court, ambalo Kadinali Thomas Wolsey alianza kulijenga mwaka 1515, Hatfield House katika jimbo la Hertfordshire, iliyokamilika mwaka 1611, Kew Palace, nyumba ya mfanyabiashara iliyojengwa mwaka 1631, na Red House ya Bexleyheath, ambayo mbunifu Philip Webb aliichora mwaka 1859 kwa ajili ya rafiki yake William Morris, msanii na mbunifu wa mapambo.

Nne hizi hazilingani kwa ukubwa wala kwa hadhi, na anayezipima kwa fahari peke yake atajikuta anachagua Hampton Court kila mara. Kipimo hicho hakimsaidii anayetaka kujua ukuta ulijengwaje.

Vigezo vilivyotumika

Nimeziangalia nyumba zote nne kwa mambo manne. La kwanza ni ukuta wenyewe: matofali yamepangwaje, yameunganishwa kwa nini, na mgeni anaweza kuyakaribia kiasi gani. La pili ni mpango wa nyumba, yaani jinsi vyumba vinavyofuatana na jinsi mpango huo unavyoonyesha maisha ya waliokaa humo. La tatu ni kiasi cha kazi ya mwanzo kilichobaki, kwa kuwa nyumba ya miaka 400 haijawahi kukaa bila kuguswa na mafundi. La nne ni safari, muda na tiketi. Bustani na picha za kuchora nimeziacha nje, ingawa najua wengi huenda Hampton Court na Hatfield kwa ajili ya hizo hasa.

Kabla ya kuendelea, msomaji asiye fundi anahitaji mambo mawili. Tofali lina ubavu mrefu na kichwa kifupi. Likilazwa sambamba na ukuta, anayetazama kutoka nje huona ubavu. Likielekezwa ndani ili kuufunga unene wa ukuta, huona kichwa tu. Katika mtindo uitwao wa Kiingereza, safu moja nzima huonyesha mbavu na safu inayofuata huonyesha vichwa. Katika mtindo uitwao wa Kiflandria, kila safu huchanganya: ubavu, kichwa, ubavu, kichwa, na kila kichwa hukaa katikati ya ubavu ulio juu yake na ulio chini yake. Jina hilo la pili lisimpoteze msomaji akadhani mtindo huo ndio uliotawala Flanders, eneo la Ubelgiji wa leo, kwa maana ni Waingereza walioupa jina na ndio walioupenda mno kuanzia karne ya 17.

Jambo la pili ni chokaa. Kuta za nyumba hizi ziliungwa kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji. Msomaji aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa sana hapa, kwa sababu chokaa ya kuta za mji wake ni ya jamii hiyo hiyo, tofauti ikiwa kwamba ya pwani yetu ilichomwa kwa matumbawe na ya Waingereza kwa mawe ya chokaa. Tabia zake ni zile zile. Ni laini, huruhusu ukuta kusogea kidogo bila kupasuka, na hupitisha unyevu ukatoka nje. Anayeziba nyufa za ukuta wa namna hiyo kwa saruji hufungia maji ndani, na mwisho tofali ndilo linalobomoka badala ya kiungo. Kosa hilo mtu anaweza kulitafuta kwenye ukuta wowote wa kale, uwe Zanzibar au Hertfordshire.

Ukuta wenyewe

Hampton Court ina ukuta wa aina mbili zilizo mbali kabisa katika fikra, na kwa sababu hiyo nitakaa hapa kidogo. Upande wa magharibi, anapoingilia mgeni, ni wa Wolsey na wa Mfalme Henry VIII, aliyelichukua jumba kutoka kwake. Matofali ni membamba, unene wake ukiwa takriban sentimita 5, na hayakuwa sawasawa kwa umbo, kwa sababu yalifinyangwa kwa mkono na kuchomwa katika matanuri ambayo moto wake haukulingana kila mahali. Waashi walitatua tatizo hilo kwa kuweka viungo vinene vya chokaa, vikameza tofauti kati ya tofali na tofali. Matofali yaliyokaribiana mno na moto yaliungua hadi kichwa chake kikageuka cheusi na kung'aa kama kigae. Badala ya kuyatupa, waashi waliyapanga kwa makusudi ili vichwa vyake vyeusi vichore misharazi inayokatana juu ya ukuta mwekundu. Mchoro huo huonekana vizuri jua linapolala, na mtu akiufuata kwa macho hugundua kwamba mahali pengine hesabu ilimpotea fundi na mstari ukakatika. Mimi hupenda zaidi sehemu hizo zilizopotea kuliko zilizonyooka.

Juu ya ukuta huo kumepachikwa medali za mviringo za udongo uliochomwa zenye vichwa vya makaisari wa Roma, kazi ambayo Mwitaliano Giovanni da Maiano alimfanyia Wolsey, na juu ya paa zimesimama dohani 241, nyingi zikiwa zimesokotwa au kuchongwa maua kwa matofali yaliyokatwa maalumu. Mgeni akivuka ua wa pili na kuingia ule wa tatu, hukutana na ulimwengu mwingine. Mwaka 1689 William III na Mary II walimpa msanifu majengo Christopher Wren kazi ya kulijenga upya jumba hili, na nia yake ya awali ilikuwa kubomoa karibu kila kitu isipokuwa ukumbi mkuu. Fedha na muda havikutosha, Mary akafariki mwaka 1694, na kwa hiyo tumebaki na nusu mbili zilizogeukiana mgongo. Katika nusu ya Wren tofali halijifanyi zuri kwa dosari zake. Juu ya madirisha yametumika matofali laini yenye mchanga mwingi, ambayo fundi aliyakata na kuyasugua juu ya jiwe hadi yakakaa sawasawa kabisa, kisha akayaunga kwa chokaa laini katika kiungo chembamba kama uzi. Jiwe jeupe la Portland limepewa kazi ya kupamba, na tofali limekuwa uwanja wa rangi nyuma yake.

Hatfield ni tofauti, na anayekwenda kwa ajili ya tofali anapaswa kujua mapema kwamba upande wake wa kusini, unaoonekana katika picha nyingi, umevishwa mawe sehemu ya katikati. Tofali limefanya kazi ya kubeba, na jiwe limepewa kazi ya kuonekana kwenye pembe, madirisha na nguzo. Utajiri wa Hatfield kwa mpenda uashi uko ng'ambo ya bustani, palipobaki upande mmoja wa Old Palace, jumba ambalo Askofu John Morton wa Ely alilijenga katika miaka ya 1480. Robert Cecil, aliyeijenga Hatfield House, alipopewa mahali hapo na Mfalme James I mwaka 1607, kwa kubadilishana na jumba lake la Theobalds, alibomoa pande tatu za jumba hilo kongwe na matofali yake yakatumika katika nyumba mpya. Kwa hiyo mgeni anaweza kusimama kati ya majengo mawili na kuona tofali la karne ya 15 likiwa bado mahali pake upande mmoja, na ndugu zake wakiwa wamepewa kazi nyingine upande wa pili.

Kew Palace ndiyo nyumba ambayo tofali linatawala kuliko zote. Samuel Fortrey, mfanyabiashara wa London mwenye asili ya Flanders, hakuleta jiwe la kupamba kama alivyofanya Cecil. Nguzo bapa, kingo za madirisha, matao na vilele vitatu vya ukuta vilivyopindapinda juu ya paa vyote ni matofali yaliyokatwa na kusuguliwa. Mpango wa safu ni ule wa Kiflandria, na nyumba hii hutajwa mara kwa mara miongoni mwa mifano ya mapema ya mtindo huo nchini Uingereza. Kwa kuwa jengo ni dogo na linaonekana pande zote, mwanafunzi wa uashi anaweza kulizunguka kwa dakika chache akihesabu vichwa na mbavu. Kuna kasoro moja ambayo lazima isemwe: katika ukarabati uliokamilika mwaka 2006, kuta za nje zilipakwa chokaa yenye rangi nyekundu, kufuatana na mabaki ya rangi ya kale yaliyopatikana. Uamuzi huo una hoja ya kihistoria, lakini anayetaka kuona rangi halisi ya tofali moja moja ataona kama anamtazama mtu aliyejipaka poda.

Red House haina mchoro wa misharazi, haina nguzo za kusuguliwa, na haina jiwe la Portland. Ukuta wake ni mwekundu mtupu, paa lake ni la vigae na limesimama wima, na pambo pekee lililo wazi nje ni matao ya matofali juu ya madirisha, baadhi yakiwa yamechongoka kama ya kanisa, na madirisha machache ya mviringo. Ili kuelewa kwa nini ukuta huo wa kawaida ulikuwa jambo kubwa, mtu akumbuke kwamba kati ya mwaka 1784 na 1850 serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa kila tofali, na kwamba hata kodi ilipofutwa, nyumba za watu wenye hadhi katika vitongoji vya London zilikuwa zikipigwa lipu na kupakwa rangi ili zifanane na jiwe. Webb, akiwa na umri wa miaka 28, alikataa udanganyifu huo. Ndani ya nyumba alikwenda mbali zaidi na kuacha tofali wazi katika sehemu za kuotea moto, ambako mwenye nyumba mwingine wa wakati huo angeweka marumaru.

Mpango wa vyumba

Mpango wa Hampton Court ni wa ua baada ya ua. Ua wa kwanza ulizungukwa na vyumba vya wageni, wa pili uliongoza kwenye ukumbi mkuu, na kadiri mtu alivyokuwa na cheo ndivyo alivyoruhusiwa kupenya ndani zaidi. Ukumbi wenyewe ulijengwa kati ya mwaka 1532 na 1535, una urefu wa takriban mita 32, na kenchi zake za mbao zilizochongwa ni miongoni mwa kazi za useremala zinazostahili safari peke yake. Upande wa kaskazini ziko jiko kubwa na stoo zake, ambako mamia ya watu wa mfalme walipikiwa kila siku. Kasoro ya mpango huu kwa mgeni wa leo ni kwamba hauwezi kushikwa wote akilini kwa ziara moja, na wengi hutoka wakikumbuka vyumba lakini wasijue vilivyounganika.

Hatfield inaeleweka kwa haraka zaidi. Ni jengo kuu moja lenye mabawa mawili yanayojitokeza kusini, na sababu ya umbo hilo ni ya kisiasa: Cecil alikuwa waziri mkuu wa shughuli za James I, na alitaka nyumba ambayo mfalme na malkia wangeweza kulala, kila mmoja na vyumba vyake katika bawa lake. Ukumbi wa chini umebaki, lakini hauna tena kazi ya kulisha kaya nzima kama wa Henry, na orofani limenyooshwa baraza refu la ndani, mahali pa kutembea mvua inaponyesha. Cecil mwenyewe alifariki Mei 1612, akiwa hajafaidi nyumba yake.

Ni Kew inayoonyesha badiliko kubwa kuliko yote, ingawa ndiyo ndogo. Hapa hakuna ua wala mabawa. Vyumba vimepangwa safu mbili mgongo kwa mgongo chini ya paa moja, njia ikipita katikati, na joto la dohani moja likihudumia vyumba kadhaa. Nyumba nyingi za Kiingereza zilizokuja baadaye zilifuata umbo hili la sanduku, na mtu aliyewahi kukaa katika nyumba ya kawaida ya matofali London atatambua mengi.

Red House inarudi nyuma na kwenda mbele kwa pamoja. Umbo lake ni la herufi L, likikumbatia kisima chenye kofia ya vigae, na vyumba vimefuatana kando ya ushoroba mmoja. Webb hakujali ulinganifu. Dirisha liliwekwa pale chumba kilipohitaji mwanga, kwa ukubwa ambao chumba kilihitaji, na ukitazama ukuta kutoka nje unaweza kukisia ngazi iko wapi. Mhakiki Mjerumani Hermann Muthesius, aliyeandika juu ya nyumba za Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, aliipa Red House nafasi ya pekee katika historia ya nyumba ya kisasa. Hata hivyo nyumba haikuwa bila kosa: vyumba vikuu vimeelekezwa kaskazini, na katika nchi ambayo jua ni la kuombwa, jambo hilo liliifanya iwe baridi. Webb mwenyewe hangerudia.

Kipi ni cha mwanzo, kipi kimejengwa upya

Morris na Webb wanastahili kutajwa hapa kwa sababu nyingine. Mwaka 1877 walishiriki kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, ambacho msimamo wake ulikuwa kwamba jengo kongwe litengenezwe palipoharibika, lisirudishwe katika sura ya enzi fulani ambayo mkarabati ameikisia. Kipimo hicho kinaweza kutumika kwa nyumba zote nne, ikiwemo yao.

Kwa kipimo hicho Hampton Court ndiyo iliyoguswa zaidi. Lango kuu la magharibi lilikuwa na orofa tano likapunguzwa hadi tatu katika miaka ya 1770, na dohani nyingi anazozipiga picha mgeni zilijengwa upya katika karne ya 19. Moto wa Machi 1986 uliunguza sehemu ya vyumba vya William III, ambavyo vilifunguliwa tena mwaka 1992 baada ya mafundi kujifunza upya kazi za mikono zilizokuwa karibu kusahaulika. Sioni kuwa hayo ni aibu, lakini asiyejua ataona kazi ya enzi ya Victoria akaisifu kama ya Henry VIII.

Hatfield nayo iliungua, bawa la magharibi, mwaka 1835, na mjane wa Marquess wa kwanza wa Salisbury, mmoja wa wakuu wa ukoo wa Cecil, akafia motoni. Bawa lilijengwa upya. Kinachoipa nyumba hii hadhi ya pekee ni kwamba ukoo wa Cecil haujaiacha tangu mwanzo, na kwa hiyo vitu vyake ni vya nyumba, havikukusanywa kwingineko. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo ambalo vijitabu vya wageni haviwezi kulipa uzito ambao bibi au babu yake aliuhisi. Bwana wa Hatfield aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1890, Lord Salisbury, ndiye ambaye serikali yake ilitia saini na Ujerumani mapatano ya tarehe 1 Julai, Uingereza ikakabidhi kisiwa cha Heligoland na Ujerumani ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Si jambo la uashi, na ukuta hauna hatia. Lakini kama unachagua kati ya nyumba mbili zinazokaribiana kwa sifa, ni sababu ya kutosha ya kwenda kuona chumba alichokuwa akila chakula chake.

Kew imefanya jambo la busara ambalo natamani nyumba nyingine zingeiga. Orofa za chini zimepambwa kama zilivyokuwa wakati wa Mfalme George III, aliyewekwa hapo katika vipindi vya ugonjwa wake, na mkewe, Malkia Charlotte, aliyefariki humo Novemba 1818. Orofa ya juu imeachwa bila samani na bila rangi mpya, ili mgeni aone mbao, lipu na viraka vya karne mbili. Mwanafunzi wa ujenzi atajifunza zaidi katika vyumba hivyo vitupu kuliko katika vyote vya chini.

Red House ilikaliwa na Morris kwa miaka mitano tu, hadi mwaka 1865, kisha ikapita mikononi mwa wamiliki kadhaa kabla shirika la kuhifadhi majengo na mandhari la National Trust halijaichukua mwaka 2003. Kuta zake za nje zimebadilika kidogo sana. Ndani, michoro ya ukutani ambayo Morris na marafiki zake, akiwemo mchoraji Edward Burne-Jones, waliifanya wakiwa vijana, bado inaendelea kufichuliwa chini ya rangi na karatasi za baadaye. Mmoja mkubwa ulitambuliwa mwaka 2013. Anayetarajia vyumba vilivyojaa samani za Morris atavunjika moyo, kwa maana nyingi zilihama naye.

Safari, muda na tiketi

Hampton Court hufikiwa kwa treni ya moja kwa moja kutoka Waterloo, kisha kwa miguu kuvuka daraja la Thames. Inataka siku nzima, na ndiyo iliyo wazi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa Hatfield, treni hutoka King's Cross kwa muda usiofika nusu saa, na lango la shamba linatazamana na kituo. Nyumba hufungwa majira ya baridi. Kew Palace imo ndani ya bustani ya mimea ya Kew, karibu na kituo cha Kew Gardens, na kwa hiyo anayetaka kuiona lazima alipie bustani hata kama hana haja na mmea hata mmoja. Nayo hufungwa majira ya baridi. Jumba lenyewe halihitaji zaidi ya saa moja na nusu. Red House iko mwendo wa robo saa hivi kutoka kituo cha Bexleyheath, katika mtaa wa kawaida wa makazi ambako mgeni hujiuliza kama amepotea, na siku zake za kufunguliwa ni chache, hivyo ziangaliwe kabla ya kukata tiketi ya treni.

Nani aende wapi

Kama ni mara yako ya kwanza na ya mwisho kwa miaka mingi, na unasafiri na watu wasiopenda matofali kama wewe, nenda Hampton Court. Watoto watapata jiko na bustani, nawe utapata karne mbili za uashi ukiwa hujatoka nje ya lango moja. Anza nusu ya Wolsey asubuhi, kabla ya makundi, uende kwa Wren mchana, na usifanye kinyume, kwa sababu baada ya kuzoea viungo vya Wren vyembamba kama uzi, macho hayana tena subira ya kusoma viungo vinene vya chokaa.

Kama wewe ni fundi mwashi, mwanafunzi wa usanifu au mtu anayejenga kwake na anataka kuona tofali linaweza kufanya nini bila msaada wa jiwe, Kew inakufaa zaidi, ilimradi usiende Desemba na uwe tayari kuisamehe ile chokaa nyekundu. Panda orofa ya juu kwanza, wakati miguu haijachoka.

Anayevutiwa na jinsi mamlaka yanavyojenga, au anayefundisha historia ya pwani yetu, atatumia siku yake vizuri zaidi Hatfield. Hata wewe mwenye nia hiyo, usitoke bila kupita Old Palace. Wageni wengi huipita wakielekea mahali pa chai.

Red House ni ya mtu ambaye ameshaona jumba moja la kifalme na hahitaji la pili, au ambaye anafikiria kujenga nyumba ya familia na anajiuliza kama tofali lililo wazi, bila lipu na bila rangi, linaweza kutosha. Ni ya mtu asiyepata ahueni katika umati pia. Ukiwa na nusu siku tu na unakaa kusini-mashariki mwa London, swali limeshajibika; ukiwa unakaa magharibi, nusu siku hiyo ni ya Kew. Na kama mvua inanyesha tangu alfajiri, iwe Hampton Court au Hatfield, kwa kuwa zina mengi ya kuonwa chini ya paa, na uziache zile mbili ndogo kwa siku ambayo utaweza kusimama nje mbele ya ukuta bila mwavuli.